Kiwango cha Siku Ile

Marehemu alikuwa amelala kifudifudi kati ya meza na sefu, mkono mmoja chini ya kifua, kama mtu aliyepitiwa na usingizi kazini. Damu ilikuwa imekauka kwenye kola ya shati. Nje, ubao wa viwango ulikuwa bado umeegemezwa ukutani, na tarakimu alizoziandika kwa chaki asubuhi iliyotangulia zilisomeka vizuri.

Inspekta aliinama kwa shida, mkono kiunoni. Mwenzake wa zamu alihamishwa mwezi uliopita na hajaletewa mwingine, kwa hiyo kila maiti na kila kuku aliyeibwa katika mji ule wa mpakani vilikuwa vyake. Miguu ilikuwa imemvimba hata viatu vikamkataa. Tangu alfajiri alikuwa amekunywa chai tu, tena kwa kusimama.

"Nani kamwona kwanza?"

"Mama anayefagia huu mtaa, afande," alijibu Sajini. "Kakuta mlango umerudishiwa tu, kufuli halipo. Kachungulia."

"Kagusa kitu?"

"Anasema alikimbia. Ufagio wake ule pale, hajaufuata mpaka sasa."

Mji mzima ulimjua marehemu kwa jina la Mizani. Alikuwa mbadilishaji fedha, mzee wa miaka sitini na ushei, na kibanda chake kilikuwa cha tatu kutoka kwenye kizuizi cha mpaka. Hakupata kumpunja mtu hata senti, ndiyo maana wakampa jina hilo. Sasa kisogoni kwake palikuwa na jeraha moja, pana, la kitu kizito na butu.

"Pigo moja," alisema Inspekta. "Alikuwa amempa mgongo mtu anayemwamini. Sefu?"

"Limefungwa. Ufunguo uko kwenye mkanda wake. Droo nayo imejaa, fedha zetu huku, za ng'ambo kule, hazijaguswa." Sajini alijikuna shingo. "Mwizi gani anaua halafu anasahau kuiba?"

Inspekta alikuwa akitazama chini ya meza. Kufuli la mlango lilikuwa limebingirikia huko, kufuli la chuma la ukubwa wa ngumi ya mwanamume. Karibu na miguu ya marehemu palikuwa na bunda la noti lililofunguka na kutawanyika. Karatasi ya nta iliyokuwa imezifungia ilikuwa kando, imekunjika kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, na juu yake imechapwa picha ya mkate na masuke mawili ya ngano.

Alivaa glavu, akaokota noti moja. Ilikuwa pana, ya rangi ya kahawia, na picha ya daraja.

"Ya ng'ambo," alisema Sajini. "Lakini hii si ya zamani? Haitumiki tena."

"Haitumiki."

Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akivuka mpaka na sabuni kichwani na kurudi na noti mbili za aina hiyo zimefichwa kifuani. Hizo mbili zililipa ada ya muhula, zikanunua viatu, na mafuta ya taa yakabaki. Watoto wa upande huu walikuwa wakiimba kwamba mvua ya ng'ambo ni ya fedha. Leo mtoto ukimpa noti ile atachora picha nyuma yake.

Aliitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika lebo, akainuka kwa kushika ukingo wa meza.

*

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa jirani wa kibanda cha nne, kijana mwembamba aliyepachikwa jina la Desimali kwa kupenda kwake kubishania visenti. Watu watatu walikuwa wameshasema kwamba juzi yake aligombana na marehemu mchana kweupe.

"Mligombania nini?"

"Bei, afande. Mimi nauza kwa bei yangu, yeye anauza kwa bei nzuri kuliko yangu. Wateja wote kwake. Nikamwambia, mzee, unatuua njaa."

"Ukamtishia."

"Nilisema nitamchomea ubao wake. Ubao, si yeye."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Mke wangu kajifungua hospitali ya kule. Nilivuka kabla ya magharibi, nimerudi leo asubuhi. Waulize uhamiaji, wamenigongea muhuri."

Sajini alitoka kwenda kuuliza. Inspekta aliegemea kiti, akafumba macho kidogo.

"Mtoto gani?"

"Wa kike, afande."

"Hongera." Alifumbua macho. "Nani alikuwa na sababu ya kumchukia Mizani?"

Desimali alifikiri. "Kumchukia, hapana. Alikuwa mgumu tu. Watu walikuwa wanamwekea amana, wale wasiotaka benki. Ukimwekea kitu ndiyo umezika. Hakiguswi, hakikopeshwi, hakizungushwi. Sisi wenzake tulikuwa tunamcheka. Fedha inayolala kwenye biashara hii inaoza, afande. Lakini yeye alikuwa anasema, cha mtu mavi, na cha mtu kikae kama kilivyoletwa."

"Bunda la noti za zamani za ng'ambo. Uliwahi kuliona kwake?"

"Za daraja? Hapana. Nani angeziweka hizo?"

Sajini alirudi akatikisa kichwa. Muhuri ulikuwepo. Kijana yule alikuwa ng'ambo usiku kucha.

*

Meneja wa benki alimkaribisha kwenye chumba chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Aliigeuza ile noti ndani ya mfuko wake wa plastiki mara mbili, akairudisha mezani taratibu.

"Mko nazo ngapi?"

"Elfu mia mbili na arobaini kwa jumla. Nataka kujua ni fedha kiasi gani."

"Leo ni karatasi."

"Na zamani?"

"Inategemea zamani ipi, Inspekta." Meneja alivuta kiti. "Fedha zetu na zao zilizaliwa pacha. Moja kwa moja. Baba zetu walikuwa wananunua huku wanalipia kule, hakuna aliyeuliza. Halafu mazao yetu yakaanguka bei na yetu ikaanza kushuka. Mbili kwa moja, nne kwa moja. Ilipofika miaka kumi na minne iliyopita, moja yao ilikuwa inanunua tisa zetu. Hapo ndipo watu wetu walikuwa wanavuka kwenda kufua nguo za watu."

"Nakumbuka."

"Basi gurudumu likageuka. Serikali yao ikaishiwa, ikaanza kuchapa noti kama vitabu vya shule. Ndani ya miaka minne moja yetu ilinunua arobaini zao, halafu mia tatu. Mwishowe wakakata sifuri, wakatoa noti mpya, wakawapa watu miezi sita wabadilishe. Huu mwaka wa tano tangu dirisha lile lifungwe. Aliyechelewa kachelewa."

Inspekta alipiga hesabu kwa vidole, akachoka, akauliza. "Kwa kiwango cha ile miaka kumi na minne?"

"Zaidi ya milioni mbili zetu. Wakati ule ungenunua nyumba katikati ya mji huu, na ya pili ukaipangisha."

"Na mtu aliyekaa nazo mpaka leo?"

Meneja alitazama dirishani, ambako watu walikuwa wamepanga foleni. "Huyo alikuwa mfungwa au mgonjwa. Mtu mwenye macho asingeweza."

Mizani alikuwa na macho. Zaidi ya hapo, alikuwa na chaki. Kila asubuhi kwa miaka yote ile aliandika kwa mkono wake mwenyewe jinsi fedha ile inavyokufa, na bunda liko ndani ya sefu, nyuma ya mgongo wake. Inspekta alishuka ngazi za benki akiligeuzageuza jambo hilo, na kila alivyoligeuza lilizidi kumchosha.

Simu ya mtaalamu wa alama za vidole ilimkuta njiani.

"Kwenye kufuli kuna alama, lakini hazisomeki, Inspekta. Hata kwenye karatasi ya nta, hivyo hivyo. Mtu huyu michirizi ya vidole imefutika."

"Kaifuta makusudi?"

"Hapana, ni kazi. Nimeshawaona wa namna hii. Mafundi wa saruji, wachoma chokaa, watu wanaoshika vitu vya moto kila siku mpaka ngozi inakuwa laini kama kioo."

Alikata simu, akasimama pembeni ya barabara, kiatu kimoja amekivua nusu, akifikiria ile picha ya mkate.

"Sajini, mke wa Mizani ni mtu wa wapi?"

"Ng'ambo. Aliolewa huku zamani sana."

"Kwao walikuwa wanafanya kazi gani?"

Sajini alifikiri, kisha uso ukambadilika. "Baba yake alikuwa na tanuri, afande. La mikate."

*

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa nje kwenye viti vya kuazima, wanawake ndani kwenye mikeka. Mjane alikuwa kwenye kona, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokauka kwa kulia. Inspekta aliomba wakae peke yao katika chumba cha kulala. Aliketi kitandani bila kukaribishwa, kwa sababu miguu ilikuwa imegoma.

"Pole, mama. Nitakusumbua kidogo."

"Kazi yako, mwanangu."

Alimwonyesha karatasi ya nta ndani ya mfuko wake. "Unaifahamu hii?"

Mjane aliitazama kwa muda mrefu kuliko karatasi inavyostahili kutazamwa.

"Siifahamu."

"Ina picha ya mkate."

"Maduka ya mikate ni mengi."

Mlango ulifunguliwa, binti akaingia na sinia, chai vikombe viwili na vipande vya mkate. Akaweka, akatoka. Inspekta alikuwa na njaa. Alichukua kipande, akauma, akaacha kutafuna.

Ulikuwa mkate wa moto. Ganda lake lilikuwa gumu na la rangi ya asali, ndani laini, na si wa duka lolote la mji ule, kwa maana maduka yote ya mji ule aliyajua kwa njaa yake.

"Nani kaoka huu, mama?"

Mjane aliinamisha kichwa. Aliweka kikombe chake chini.

"Mama. Nani kaoka?"

"Wageni ni wengi," alisema mjane polepole. "Mimi sina nguvu za kupika. Kaka yangu kasema atasaidia."

"Kaka yako anaishi hapa?"

"Alikuwa mbali. Machimboni, nchi ya tatu huko, alikuwa anawaokea wachimbaji. Miaka kumi na minne hatujamwona. Amerudi wiki hii."

"Hiyo karatasi ni ya kwenu."

"Ya baba yetu. Kaka alirithi tanuri, akaliuza alipoondoka. Tanuri, kinu, na chumba chake."

"Fedha akamwachia shemeji yake."

Mjane aliitikia kwa kope tu. Machozi yalikuwa yameshaisha, kilichobaki ni pumzi.

"Ulijua kwamba ni yeye?"

"Nilijua aliondoka hapa jana jioni kwenda kibandani anacheka, akarudi hasemi. Akaingia uani, akaanza kuchekecha unga. Hakuna aliyemwomba mkate. Usiku kucha mume wangu hakurudi, nami nikaogopa kuuliza. Asubuhi mlipoleta habari, mwanangu, nilimtazama mikono. Nina kaka mmoja tu. Na mume nilikuwa na mmoja. Ungetaka nikuambie nini?"

Inspekta aliuliza jambo jingine. "Kwa nini mumeo hakuzibadilisha zile fedha?"

"Nilimwambia. Zilipoanza kushuka nilimwambia, bwana, badilisha, huyu ni damu yangu. Akasema mwenye mali hajanituma. Walipotangaza miezi sita nikapiga magoti. Akatafuta simu ya kaka kila mahali, akatuma madereva wa malori wamuulizie, hawakumpata, kambi ilikuwa imehama. Siku ya mwisho alishinda amekaa pale kitandani ulipokaa wewe, bunda mapajani."

"Na bado hakwenda."

"Zamani, kabla ya hapo, mwalimu mmoja alimwekea fedha. Akaona bei nzuri, akazibadilisha bila kumuuliza, kwa wema tu. Wiki ile ile bei ikageuka. Mwalimu akamwita mwizi mbele ya watu. Mume wangu akauza kiwanja chetu akamlipa yote. Kuanzia siku hiyo akasema, amana ya mtu sitaitia akili yangu tena."

*

Mwokaji alikuwa uani, amekunja mikono ya shati, anakanda unga juu ya meza ya mbao. Alikuwa mtu mkubwa mwenye mvi, mikono imejaa makovu ya moto hadi kwenye viwiko. Alikuwa akikanda kwa nguvu kuliko unga unavyohitaji. Alipoona sare hakushtuka. Alifunika unga kwa kitambaa, akaukunja ukingo vizuri.

"Kaka," alisema Inspekta, "nawa mikono twende."

"Huu utaumuka ukamwagika."

"Kuna watu watauangalia."

Alinawa kwa muda mrefu. Sajini alishika pingu, akamtazama mkuu wake. Inspekta akatikisa kichwa. Walipita katikati ya waombolezaji, wote watatu sambamba, kama watu wanaokwenda dukani, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa akamwambia mwokaji, "Mkate mzuri sana, ndugu yangu."

Kituoni alipewa maji. Alikataa wakili, ingawa Inspekta alimweleza haki yake mara mbili. Sajini alifungua faili la maelezo ya mtuhumiwa.

"Ulifanya nini jana jioni?"

"Nilimpiga shemeji yangu kwa kufuli. Amekufa."

"Ulikusudia?"

"Sijui nilichokusudia. Kufuli lilikuwa juu ya meza."

"Anza mwanzo."

Mwokaji alitazama vidole vyake. "Machimboni hakuna fedha, afande. Walitulipa miaka mitatu ya kwanza, baadaye wakawa wanatukopa. Kila mwaka nasema mwakani nitarudi na kitu. Nikaona haya kutuma salamu mikono mitupu. Lakini usiku nilikuwa nalala vizuri. Najua nina fedha za tanuri. Nikirudi nafungua lingine, nawaajiri vijana wawili, naoka mpaka nife. Nilikuwa nimeshalichora kichwani, hata dirisha litakapokaa."

"Hukusikia kwamba fedha ya kwenu imeanguka?"

"Nilisikia. Wenzangu wa kule walilia mbele yangu. Mimi sikulia. Nilisema moyoni, yangu iko kwa mtu wa fedha. Mtu anayeandika bei ubaoni kila siku. Kama kuna mtu duniani aliyejua wakati wa kuruka, ni yule."

"Jana ukaenda kuchukua."

"Jana nikaenda. Akanipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anafunga, akaweka kufuli mezani, akanikalisha kwenye kiti chake. Akafungua sefu, akanitolea bunda. Afande, lilikuwa kwenye karatasi yangu. Fundo la uzi wake lilikuwa langu. Hakuwahi hata kulifungua."

Alikunywa maji. Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki iliyokataa kuwaka.

"Akasema nini?"

"Akasema, shemeji, hata moja haijapungua. Alikuwa anatabasamu. Miaka yote alikuwa ananisubiri nije nimwambie ahsante. Nikamwambia, lakini hizi zimekufa. Akasema, najua, nimeziona zikifa, iliniuma kuliko wewe. Nikamwuliza, kwa nini hukubadilisha? Akaniangalia kama mtoto ninayemuuliza jina lake."

"Akajibu?"

Mwokaji alisogeza maji kando.

"Akajibu, 'Uliniambia nisiziguse.'"

"Ulimwambia hivyo?"

"Ndiyo." Sauti ilimtoka kama ya mtu anayebeba gunia. "Siku niliyoondoka nilimshika mkono, nikamwambia, usiziguse mpaka nirudi mwenyewe. Hata dada yangu akikuomba, usiziguse. Unajua kwa nini? Nilimwogopa. Nilisema huyu ni mtu wa chenji, atazizungusha, zitapotea kwenye biashara zake. Mji mzima unamwita Mizani, mimi peke yangu sikumwamini. Nikamfunga kwa kiapo."

"Naye akashika kiapo."

"Akakishika. Akageuka akafunga sefu, akarudisha ufunguo mkandani, na bado anaongea, anasema sasa atalala, mzigo umetua. Alikuwa na furaha. Ningeweza kuvumilia lolote, lakini furaha ile sikuiweza. Angekuwa mwizi ningemsamehe. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe wizi miaka kumi na minne." Alifunika uso kwa vidole vyake visivyo na michirizi. "Sikumpiga yeye, afande. Nilikuwa nalipiga lile neno langu. Likatua kwake."

Inspekta alimpa maelezo ayasome. Akayasoma yote, akatia sahihi, na mahali pa dole gumba wino ulichora duara tupu.

Jioni, alipotoka ofisini, alimkuta mjane kwenye benchi la korido. Alikuwa amekuja peke yake kwa miguu kutoka msibani, na bado alikuwa amejifunga nguo za kilio. Inspekta alikaa kando yake, akamwambia yote kwa sauti ya chini, pamoja na lile neno la kuagana, kwa sababu aliona ni haki yake kulijua. Mjane alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ndiyo maana mume wangu alinikatalia," alisema mwishowe. "Nilipopiga magoti. 'Hata dada yangu akikuomba.' Hakuniambia. Alinyamaza ili nisimchukie kaka yangu."

"Inaelekea hivyo, mama."

"Kesho tunazika. Huyu wa humu ndani ndiye mwanamume pekee wa ukoo wangu wa kunishika mkono kaburini." Aligeuka, akamtazama Inspekta usoni. "Niambie wewe uliyesoma. Nikilia kesho, watajuaje namlilia yupi?"

Inspekta alivua viatu, akaviweka chini ya benchi, akabaki pale pamoja naye.